Mfuniko wa Ticha Severina

Kong! Kong! Kong!

Kabla hujaliona geti la bluu, kabla hujauona moshi wa jikoni wala kamba yenye sweta ndogo ndogo zinazodondosha maji, unausikia kwanza mfuniko. Ulikuwa mfuniko wa sufuria kubwa la kupikia pilau ya harusi. Sufuria lenyewe lilitoboka likaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu; mfuniko ukabaki, ukafungwa waya, ukatundikwa kwenye mparachichi, ukapewa kipande cha nondo kiwe mume wake. Hao wawili wakigombana, Kihesa yote inajua kwamba kwa Ticha Severina uji umeiva.

Na watoto wakiusikia hawaji, wanamwagika. Huyu na kiatu kimoja, yule kashika suruali mkononi, wote wakiimba wimbo alioutunga Ticha mwenyewe:

Mfuniko umelia,
uji umeshatulia,
na atakayesinzia
atalamba sufuria!

"Nani analamba sufuria leo?" aliuliza Severina, nondo mkononi.

"Hakunaaa!"

Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti iliyozoea kwaya, lakini asubuhi hiyo alicheka kwa mdomo tu, macho hayakushiriki. Jana jioni mtendaji wa mtaa alikuwa amempigia simu kwamba afisa ustawi wa jamii anapita kesho yake kukagua vituo vya kulelea watoto. Cheti cha Severina, kilichokaa kwenye fremu juu ya mlango kama picha ya harusi, kilimruhusu kulea watoto kumi na watano katika chumba kimoja. Wale waliokuwa wakipuliza uji chini ya mparachichi walikuwa ishirini na watatu, na mmoja alikuwa bado njiani. Mwenzake wa mtaa wa pili alifungiwa kwa kosa hilo hilo: geti likatiwa kufuli, na watoto wakarudi kulelewa na dada zao wa miaka saba.

Tisa wa ziada hakuwatafuta. Waliletwa mmoja mmoja na mama zao, kila mama na maneno yale yale, "Ticha, nishikie tu huyu mpaka mambo yakae sawa," na mambo ya watu wa Kihesa hayana haraka ya kukaa sawa.

Yule wa njiani akafika, mgongoni kwa mama yake.

"Kamwene, Ticha!" Waridi alihema, tope limempanda mpaka magotini.

"Kamwene, Mama Rayyan. Leo umechelewa."

"Gari linanisubiri Ipogolo, na dereva ananitukana kwenye simu tangu alfajiri. Nisipofika Ruaha Mbuyuni mapema, vitunguu vizuri vinakwenda Dar, nabaki na vile vya kulia bila kukata. Mpokee mwanao."

"Waridi, leo kuna ukaguzi. Huwezi kukaa naye leo tu?"

"Nikae naye wapi? Juu ya magunia? Juzi nilimpeleka, akakohoa mpaka utingo akanipisha nikae mbele. Utingo, Ticha! Mtu ambaye hata mama yake hampishi!"

Severina akacheka, na alipocheka akawa ameshashindwa. "Haya, lete mfalme."

Rayyan alikuwa na miaka minne na uzito wa paka. Hakuwa mtoto wa maneno. Ukimwambia kaa, anakaa. Ukimwambia inuka, anainuka. Siku moja Severina alimwambia "ningoje hapa" karibu na bomba, akaitwa jikoni, akasahau. Baada ya chakula cha mchana alimkuta palepale, kivuli kimeshamhama, anangoja.

*

Kasian, mume wa Severina, aliingia akikumbatia mtungi mwekundu wa kuzimia moto kama mtu aliyebeba mtoto wa watu. Alikuwa fundi plasta hodari, aliyepiga plasta nyumba za mtaa mzima isipokuwa yake. Chumba cha pili cha kituo, ambacho kingempa mkewe ruhusa ya watoto wengi zaidi, kilikuwa bado tofali tupu, na ndani yake Kasian alikuwa amelaza magunia ya viazi akingoja bei ipande.

"Nimeupata! Mzee Gerson amenipa mtungi wa kanisani. Ila urudi kabla ya mazoezi ya kwaya."

Severina aliuzungusha. Upande wa nyuma uliandikwa kwa rangi nyeupe, herufi za kupishana: MALI YA USHARIKA. USIGUSE.

"Baba Goodness, hili nalo ulikuwa huoni?"

"Upande huo utaangalia ukutani, mke wangu. Nani atamgeuza?"

"Unazungumza kama mtungi ni mtu."

"Ni mgeni wetu. Mgeni hageuzwi."

Hapo Bertha, jirani muuza ulanzi, ile pombe ya mianzi, alichungulia kupitia upenyo kwenye uzio wa mianzi. Upenyo huo una historia fupi: Kasian aliutengeneza mwenyewe ili aende kwa Bertha jioni bila geti kulia. Severina alikuwa anajua. Kasian alikuwa hajui kwamba anajua. Ndiyo maana ndoa yao ilikuwa na amani.

"Mama Goodness, lete hao watoto haraka," alisema Bertha. "Wateja wangu hawaji kabla ya mchana, na nimebandika mahindi mabichi. Mtoto mwenye hindi mdomoni anapiga kelele kupitia wapi?"

Severina akawachagua tisa wale, akawachuchumalia.

"Leo tunacheza mchezo wa panya. Nyie ni panya, mnajificha kwa Bibi Bertha. Panya akisikia kitu anafanyaje?"

"Ananyamazaaa!"

"Hata mkisikia nini, msitoke. Mpaka nije mimi mwenyewe. Atakayetoka kashindwa."

Akawapitisha mmoja mmoja kwenye upenyo, Rayyan wa mwisho, na Kasian akaegemeza bati kuukuu kuuziba. Kwa mbali palionekana pazuri. Severina alijipangusa jasho, ingawa baridi ya mvua ya jana ilikuwa bado inauma. Hakuna aliyekumbuka kuutazama mparachichi na kile kilichotundikwa juu yake.

*

Bi Mwanaidi, afisa mwenyewe, alikuja kwa miguu, hijabu safi, chini amevaa mabuti ya mvua. Alikuwa amehamishiwa Iringa kutoka Mbeya, na watu wa vituo walishaanza kumsema: hanywi chai ya mtu, hapokei parachichi, na akikushukuru ndipo uanze kuogopa.

"Shikamoo, afisaaa!" waliimba watoto kumi na watano.

"Marahaba, wanangu. Mmeamkaje?" Aliwapitishia macho taratibu, akaandika. "Kumi na watano. Safi sana. Sijawahi kukuta kituo kina idadi ileile ya kwenye cheti, hata mmoja hajaugua. Hongera, mama. Asante."

Severina alisikia ile asante ikimshuka mgongoni kama maji ya bomba ya asubuhi.

Wakaanza kuzunguka. Jikoni pakapita. Vyeti vya kupima afya vikapita. Chooni, afisa alisimama muda mrefu.

"Hili tundu ni la mtu mzima, mama. Mtoto wa miaka mitatu anasimamaje hapa?"

"Namshika mikono, afisa."

"Wote kumi na watano?"

"Hawaendi kwa pamoja."

"Hujawahi kuwapa maharage?"

Severina akatazama chini. Miaka yote hii amewashika mikono watoto wa watu juu ya lile tundu, hajadondosha hata kiatu, na leo anaulizwa habari za maharage mbele ya mume wake. Kibaya zaidi, mume mwenyewe alikuwa anazuia kicheko.

Kasian akakoma kucheka walipofika kwenye mtungi. Bi Mwanaidi hakuuliza chochote. Aliugeuza tu.

"Huyu namfahamu," alisema. "Wiki iliyopita nilimkuta kwenye kituo kimoja kule Mtwivila. Kabla ya hapo nilimkuta karibu na stendi. Anatembea kuliko mimi."

"Kanisa letu lina huduma pana, afisa," alisema Kasian.

"Naona. Na chumba hiki?"

Kabla hajajibiwa alishausukuma mlango wa chumba cha pili. Harufu ya viazi ikawasalimia.

"Hiki ni cha kulala watoto," Kasian alijikaza. "Bado kidogo tu. Saruji ipo, mchanga upo."

"Na fundi?"

Kasian akageukia viazi. Severina, ambaye hakutaka kusema, alisikia mdomo wake ukisema, "Fundi ndiye huyu, afisa. Nimelala naye miaka kumi na minane, plasta sijaiona."

Kalamu ya Bi Mwanaidi ilitetemeka kidogo, kama iliyokuwa inacheka yenyewe. Akasogea mpaka uani, akautazama uzio, akasifu mianzi, akalitazama bati, hakulisifu. Severina alianza kuhesabu hatua za kufika getini. Afisa akageuka.

"La mwisho, mama. Moto ukiwaka jikoni sasa hivi, watoto unawakusanyaje?"

"Nawaita."

"Kwa kitu gani? Filimbi? Kengele?"

"Kwa mdomo tu, afisa. Sauti ninayo."

"Uongo!" ilisema sauti nyembamba kutoka mkekani. Alikuwa Anord, miaka mitano, mtoto ambaye mdomo wake ulijengwa bila geti. "Ticha anapiga mfuniko! Ule pale!"

Macho yote yakapanda mparachichini.

"Basi piga," alisema Bi Mwanaidi.

Severina aliichukua nondo. Akaugusa mfuniko kwa ncha.

Ting.

"Huo moto umewaka Dodoma?" aliuliza afisa. "Mama, nimeona vituo vina kengele za dukani zisizolia. Nataka niandike kwamba hapa kwako kitu hiki kinafanya kazi. Piga kama unavyopiga siku zote."

Kama angesingizia mkono unauma, pengine ingepita. Lakini alishanyanyaswa na tundu la choo, na mtungi, na viazi. Hiki kimoja alikuwa nacho kweli. Hiki ni chake, amekibuni yeye, na hakuna kituo Iringa nzima chenye sauti kama hii. Fahari ilimpanda mkononi kabla akili haijafika.

Kong! Kong! Kong!

Wale kumi na watano walikuwa wameshajipanga chini ya mti kabla sauti haijafa. Bi Mwanaidi akainua nyusi, akataka kuandika. Ndipo upande wa pili wa uzio ukaanza kuimba:

Mfuniko umelia,
uji umeshatulia...

Bati likaanguka kwa kishindo, na uzio ukatapika watoto. Wa kwanza alikuja na hindi mdomoni, wa pili na mawili mikononi, wa tatu amevaa kilemba cha Bertha. Nyuma yao Bertha mwenyewe, kichwa wazi, anatweta.

"Mama Goodness, nimewashindwa! Mlango nimefunga, wamepita dirisha..." Akamwona afisa. Akajinyoosha. "Kamwene, afisa. Hawa ni wajukuu zangu."

"Wote?"

"Kwetu tunazaa sana mapacha."

"Na wote wanaujua wimbo wa kituo?"

"Wana vipaji," alisema Kasian.

Hakuna aliyemcheka. Bi Mwanaidi alikuwa anahesabu kwa kalamu, hewani, bila haraka. "Ishirini na watatu," akasema, akafunua karatasi mpya.

Severina hakuwa anamwangalia tena. Alikuwa anaangalia vichwa, kama anavyofanya kila mfuniko ukilia, bila daftari, macho yakipita juu ya nywele na kofia na masikio mpaka yafike mwisho. Yalifika mwisho. Yakarudi mwanzo. Yakafika mwisho tena.

Angeweza kunyamaza. Ishirini na watatu ilikuwa aibu ya kutosha kwa siku moja.

"Wanatakiwa kuwa ishirini na wanne," alisema kwa sauti. "Rayyan hayupo."

*

Nondo ilianguka matopeni. Severina alijitupa kwenye upenyo uliokatwa kwa kipimo cha Kasian, akakwama kiunoni, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao Kasian alimsukuma mkewe aende kwa Bertha. Mianzi miwili ikavunjika. Afisa naye akapita, mabuti yake yakichota tope.

"Rayyan! Baba! Rayyan!"

Uani kwa Bertha palikuwa na sufuria la mahindi linalotokota juu ya mafiga. Palikuwa na pipa la maji ya mvua, halina mfuniko. Palikuwa na madumu ya ulanzi yamejipanga, moja limelala. Vitu hivyo Severina alikuwa ameviona kila siku kwa miaka, na leo kila kimoja kilimtazama kwa macho. Aliingiza mkono kwenye pipa mpaka begani, akapapasa chini. Maji matupu. Akasikia mtu anasema "Mungu wangu, Mungu wangu," kumbe ni yeye.

Ni Bi Mwanaidi aliyepiga magoti chumbani na kuinua shuka ya kitanda.

"Mama," aliita polepole. "Njoo."

Uvunguni, kati ya jembe na viatu vya marehemu mume wa Bertha, Rayyan alikuwa amelala kifudifudi, viganja vyote viwili vimeziba mdomo. Suruali ilikuwa imelowa. Macho yalikuwa makavu na makubwa.

"Rayyan, mwanangu! Hukuusikia mfuniko?"

Akatikisa kichwa: aliusikia.

"Mbona hukuja?"

Akaondoa viganja, kwanza kimoja, halafu cha pili.

"Ulisema hata tukisikia nini. Mpaka uje wewe mwenyewe." Akamwangalia Ticha, akamwangalia mgeni, akarudi kwa Ticha. "Nimeshinda?"

Severina aliingia uvunguni mpaka mabegani. Alimvuta mtoto akamkumbatia, suruali ikamlowesha kifuani. Bertha aligeukia ukuta. Bi Mwanaidi alikaa kwenye ukingo wa kitanda, karatasi zake mapajani, akaifunga kalamu.

"Sina swali jingine, mama," alisema mwisho.

*

Walienda kuongea jikoni, na mara hii afisa alikubali kikombe cha uji. Hilo liliwatisha wote.

"Ningekuja nikakuta ishirini na wanne wamekaa, ningekugombeza tukamaliza," alisema. "Lakini umemfundisha mtoto asiitikie kengele ya hatari. Unaelewa?"

"Naelewa, afisa." Na kweli alielewa, tangu kule uvunguni alikuwa anaelewa tu, bila kupumzika.

"Kituo sikifungi. Kengele yako inafanya kazi, na uliponitajia yule aliyekosekana ulijua unajikata mwenyewe. Hayo yote nayaandika. Lakini wale tisa kesho wasije. Mpaka chumba cha pili kiishe, upate mlezi wa pili mwenye cheti, na mtungi wako mwenyewe usiokwenda kanisani."

"Wataenda wapi, afisa? Mama zao wanauza barabarani."

Bi Mwanaidi alipuliza uji. "Wangu yuko Mbeya kwa mama yangu. Nilipohamishwa sikuwa na pa kumweka. Kwa hiyo usidhani hilo swali silijui. Silijibu tu, kwa sababu jibu lake ni plasta." Akamgeukia Kasian. "Fundi?"

"Afisa, viazi bei yake..."

"Baba Goodness," alisema Severina. Alisema hivyo tu.

Kasian akainuka. Kabla buti za afisa hazijapotea kwenye kona, gunia la kwanza la viazi lilikuwa mgongoni mwake, likielekea sokoni kwa bei yoyote.

*

Waridi alirudi jua limeanza kulegea, ananuka vitunguu, kikapu kitupu kichwani. Severina alimweleza yote uani, hakuficha hata uvungu. Waridi alisikiliza mikono kiunoni.

"Yaani mwanangu amekuwa panya."

"Nisamehe, Waridi."

"Na kesho nimrudishe kwenye magunia."

"Mpaka chumba kiishe."

Waridi alipumua, akatazama mlango wa chumba cha pili, ambako Kasian alikuwa anachekecha mchanga huku anaimba besi ili asionekane amenuna. "Huyo mumeo namjua. Nitakuwa napita hapa kila jioni na vitunguu vilivyooza. Siku nisipoona ukuta mpya, namtupia." Akacheka kidogo, si sana. "Na yule utingo atanipisha siti. Haya, muite mwanangu twende."

Ulikuwa wakati wa uji wa jioni. Severina aliokota nondo, akaifuta tope kwa khanga, akapiga.

Kong! Kong! Kong!

Watoto wakamwagika, wimbo ukaanza, vikombe vikagongana. Rayyan, amevaa suruali ya kuazima iliyokunjwa mara tatu, alitoka mpaka kizingitini akasimama hapo. Mguu mmoja ndani, mmoja nje. Aliutazama mfuniko unaoyumba, akamtazama Ticha.

"Njoo, Rayyan! Uji!"

Hakusogea. "Huu wa kweli, Ticha?" aliuliza. "Au wa wageni?"

Wimbo ulikatika.

Severina aliweka nondo chini. Alitembea mpaka kizingitini, akapiga magoti kwenye tope, mwanamke mzima mwenye mwili wake, mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa mtoto.

"Nisikilize, baba. Mama yako anasikia, na wenzako wote wanasikia. Chumba kile kikiisha utarudi hapa, nitakuja mwenyewe kukuchukua kwenu. Na mfuniko huu ukilia, ni wa kweli, toka, hata kama mimi mwenyewe nilikwambia usitoke. Mimi sitakuficha tena, Rayyan. Aje nani, aje nani, sitakuficha tena."